Maziwa ya Mama na Mtoto Anayekua: Kutoka Dang'a Hadi Kuachishwa Ziwa

MALENGO YA SEHEMU HII
Ukimaliza kusoma, uweze:
(a) kueleza jinsi homoni zinavyoongoza utengenezaji na utokaji wa maziwa ya mama;
(b) kulinganisha dang'a na maziwa yaliyokomaa;
(c) kueleza kwa nini maziwa ya mama pekee hayatoshi baada ya miezi 6, na kwa nini bado yanahitajika;
(d) kupanga mlo wa mtoto wa miezi 6 hadi 24 kwa kutumia vyakula vya eneo lako.

UTANGULIZI
Mpendwa mtahiniwa, mada hii inagusa sehemu mbili za somo la Biolojia: uzazi na lishe. Katika madaftari ninayosahihisha, jibu ninalolikuta mara nyingi ni hili: "Maziwa ya mama yana virutubisho vyote anavyohitaji mtoto." Mwanafunzi anaweka nukta na kwenda swali linalofuata. Sentensi hiyo ni kweli kwa mtoto wa miezi 3. Kwa mtoto wa miezi 9 si kweli tena. Anayetaka alama zote aeleze ni nini kilichobadilika katikati ya umri huo, na kwa nini.

Ipo sababu ya pili ya kuisoma mada hii kwa makini. Wengi wenu mnaoishi Karagwe na Kyerwa mnalea wadogo zenu. Mama akienda kuchuma kahawa au kung'oa maharage, wewe ndiye unayebaki na mtoto, na wewe ndiye unayekoroga uji. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kagera walikuwa takriban 34 kati ya 100. Huu ni mkoa wenye ndizi, maharage, parachichi, maziwa na samaki. Kwa hiyo chakula kuwepo shambani ni jambo moja, na mtoto kukipata kwa wakati wake na kwa namna inayomfaa ni jambo lingine.

Ili tusipotee, tumfuate mtoto mmoja wa mfano. Tuseme amezaliwa mwanzoni mwa Januari katika kijiji kimoja karibu na Nkwenda, akiwa na kilo 3. Tutamwona siku ya kwanza, miezi 3, miezi 6, miezi 10 na miaka 2.

1. MAZIWA YANAVYOTENGENEZWA NA KUTOKA
Ndani ya ziwa kuna vifuko vidogo sana vyenye kuta za seli zinazotengeneza maziwa. Vifuko hivyo vimezungukwa na misuli midogo, na vinaungana na mirija inayopeleka maziwa kwenye chuchu. Homoni tatu zinahusika:

(i) Projesteroni. Wakati wa ujauzito hutolewa kwa wingi na kondo la nyuma. Huandaa ziwa, lakini pia huzuia maziwa yasianze kutengenezwa kwa wingi. Kondo likishatoka, kiwango chake hushuka ghafla na kizuizi hicho huondoka.

(ii) Prolaktini. Hutolewa na sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari. Huzichochea seli za vifuko kutengeneza maziwa.

(iii) Oksitosini. Hutengenezwa katika haipothalamasi, kisha hutolewa kwenye damu kupitia sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari. Huibana misuli inayozunguka vifuko, na maziwa husukumwa kwenye mirija hadi kwenye chuchu.

Zikumbuke kwa njia rahisi: prolaktini hutengeneza, oksitosini hutoa.

Kinachozianzisha homoni hizi mbili za mwisho ni mtoto mwenyewe. Anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo huziachilia homoni. Kadiri anavyonyonya mara nyingi ndivyo maziwa yanavyotengenezwa zaidi. Ziwa lisiponyonywa likabaki limejaa, seli zake hupunguza kazi. Hii ndiyo kanuni ya kuishika hadi mwisho wa sehemu hii: maziwa hufuata mahitaji ya mtoto. Karibu mabadiliko yote utakayoyasoma chini yanaanzia hapa.

Zingatia: Prolaktini huwa nyingi zaidi usiku. Ndiyo sababu mama hushauriwa asiache kunyonyesha usiku, hasa miezi ya mwanzo.

2. SIKU ZA MWANZO: DANG'A
Mtoto wetu amezaliwa. Ndani ya saa 1 ya kwanza anatakiwa awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, aanze kunyonya. Anachokipata wakati huo ni dang'a, maziwa mazito yenye rangi ya njano ambayo ziwa lilianza kuyatengeneza tangu wakati wa ujauzito.

Dang'a ni kidogo. Siku ya kwanza mtoto huweza kupata vijiko vichache tu vya chai kila anaponyonya. Kiasi hicho kinamfaa kwa sababu tumbo lake nalo ni dogo mno. Ubora wa dang'a umo katika vitu vifuatavyo:
- protini nyingi kuliko maziwa yaliyokomaa, hasa kingamwili;
- seli nyeupe za damu zinazopambana na vimelea;
- vitamini A kwa wingi, ambayo ndiyo sehemu ya sababu ya rangi yake;
- uwezo wa kulainisha choo, hivyo mtoto hutoa mapema kinyesi cheusi cha kwanza.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, zamani dang'a lilikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa machafu, na mtoto akapewa maji ya sukari au maziwa ya mnyama wakati maziwa meupe yakisubiriwa. Leo tunajua kwamba kumwaga dang'a ni kumnyima mtoto kinga yake ya kwanza. Ukiulizwa umuhimu wa dang'a, usiandike "lina virutubisho" tu. Taja kingamwili, kisha eleza kwamba mwili wa mtoto mchanga bado hauna uwezo wa kutosha wa kujitengenezea kinga.

Kati ya siku ya 2 na ya 4, maziwa huongezeka na ziwa hujaa. Yanayofuata ni maziwa ya mpito: protini inapungua taratibu, na laktosi na mafuta vinaongezeka. Inapofika kiasi cha wiki 2 tangu kuzaliwa, mtoto anapata maziwa yaliyokomaa.

3. WIKI YA PILI HADI MIEZI 6: MAZIWA YA MAMA PEKEE
Sasa ni Aprili, na mtoto wetu ana miezi 3. Mvua za masika zinanyesha na maharage ya msimu wa pili yako shambani. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku, na kwa siku nzima hupata takriban mililita 750 hadi 800 za maziwa.

Katika kila mililita 100 za maziwa yaliyokomaa kuna takriban:
- maji: asilimia 87 ya maziwa yote;
- laktosi: gramu 7;
- mafuta: gramu 4;
- protini: gramu 1;
- nishati: kilokalori 65 hadi 70.

Angalia namba ya kwanza. Maziwa yakiwa na maji asilimia 87, mtoto hahitaji kupewa maji ya kunywa hata jua likiwaka. Akipewa maji, tumbo hujaa kitu kisicho na nishati, hunyonya kidogo, na ziwa nalo hutengeneza kidogo. Maji yakiwa yametekwa bondeni na hayakuchemshwa, mtoto huongezewa hatari ya kuhara.

Angalia pia protini. Maziwa ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3 za protini katika mililita 100. Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa hayo ni bora zaidi, lakini ndama hukua haraka kuliko mtoto wa binadamu na maziwa ya mama yake yamepangwa kwa ajili yake. Figo za mtoto mchanga hupata kazi kubwa kuondoa mabaki ya protini na chumvi nyingi za maziwa ya ng'ombe. Aidha, maziwa hayo yana madini ya chuma kidogo ambayo hayafyonzwi vizuri.

Maziwa hubadilika hata ndani ya mnyonyo mmoja. Yanayotangulia huwa mepesi na yenye mafuta kidogo. Kadiri ziwa linavyopungua, mafuta huongezeka. Kwa hiyo mama amwache mtoto amalize ziwa moja kabla ya kumhamishia lingine, ili ayapate yote.

Kunyonyesha maziwa ya mama pekee maana yake ni kwamba mtoto hapewi kitu kingine chochote, hata maji, isipokuwa dawa au matone ya vitamini aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Uji mwepesi wa miezi 3 unaivunja kanuni hii. Sababu inayotolewa sana ni kwamba "mtoto analia, maziwa hayamtoshi." Mtoto hulia kwa sababu nyingi: joto, baridi, usingizi, tumbo. Tena kuna siku ambazo hutaka kunyonya mfululizo kwa sababu anakua haraka. Kumbuka kanuni yetu: akinyonya mara nyingi zaidi, baada ya siku chache maziwa huongezeka. Kipimo cha uhakika ni kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ukipanda vizuri, maziwa yanatosha. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha takriban kilo 6 akiwa na miezi 5, na takriban kilo 9 akitimiza mwaka 1.

Unyonyeshaji na uzazi wa mpango: Mtoto anaponyonya mara kwa mara, homoni zinazokomaza na kuachilia yai kwenye ovari huzuiwa. Mama huweza kukaa miezi kadhaa bila kupata hedhi wala kushika mimba. Kinga hii huaminika pale tu masharti yote matatu yanapotimia: mtoto ana umri chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Sharti moja likikosekana, mama atumie njia nyingine.

4. MIEZI 6: KWA NINI MAZIWA HAYATOSHI TENA?
Julai imefika, mtoto wetu ana miezi 6. Hapa ndipo watahiniwa wengi huandika kwamba "maziwa ya mama huisha nguvu" au "hugeuka kuwa maji." Hayo si kweli. Maziwa bado yana nishati, protini na kingamwili. Kilichobadilika zaidi ni mtoto:

(i) Mahitaji yake ya nishati yamepita kiasi kinachotolewa na maziwa. Mwili ni mkubwa, anageuka, anakaa, karibu atatambaa.

(ii) Akiba ya madini ya chuma imekwisha. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma kwenye ini, aliyoipata kwa mama hasa miezi 3 ya mwisho ya ujauzito. Chuma kilichomo kwenye maziwa ya mama hufyonzwa vizuri lakini ni kidogo. Akiba inapokwisha, karibu na miezi 6, lazima chuma kingine kitoke kwenye chakula. Kikikosekana, mtoto hupata upungufu wa damu.

(iii) Mwili wake uko tayari kwa chakula. Anaweza kukaa akishikiliwa, shingo imekaza, ameacha kusukuma kijiko nje kwa ulimi, na meno huanza kuota.

Namba zifuatazo ni makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mtoto anayenyonya vizuri:
- miezi 6–8: huhitaji takriban kilokalori 600 kwa siku; chakula kitoe 200;
- miezi 9–11: huhitaji takriban kilokalori 700 kwa siku; chakula kitoe 300;
- miezi 12–23: huhitaji takriban kilokalori 900 kwa siku, chakula kitoe 550.

Kinachobaki katika kila mstari hutoka kwenye maziwa ya mama. Utaona kwamba chakula kinaongezwa juu ya maziwa wala hakichukui nafasi yake. Kitendo hiki huitwa kumlikiza mtoto.

5. KUMLIKIZA MTOTO KWA VYAKULA VYA NYUMBANI
Sasa tazama kalenda. Mtoto wetu anatimiza miezi 6 wakati kahawa inachumwa. Mama anatoka asubuhi, anarudi jioni. Mtoto anahitaji uangalizi mkubwa zaidi wa chakula wakati uleule ambapo mikono ya nyumbani ni michache. Anayebaki naye akitoa uji mweupe asubuhi na ndizi zilizopondwa jioni, mtoto atashiba na hatalia, lakini hatakua ipasavyo.

Kwa nini? Ndizi za kupika zina wanga mwingi, lakini protini yake ni takriban gramu 1 tu katika kila gramu 100, na chuma chake ni kidogo. Ndizi ni msingi mzuri wa mlo, ila hazifai kuwa mlo mzima. Changanya makundi ya vyakula:
- wanga: ndizi, viazi vitamu (hasa vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A), mahindi, mtama, muhogo;
- mikunde na mbegu: maharage, karanga zilizosagwa;
- vyakula vya asili ya wanyama: dagaa waliosagwa, samaki, mayai, ini, maziwa yaliyochemshwa, hata senene zikipatikana, zikisagwa vizuri;
- mboga na matunda: mchicha, majani ya maboga, nyanya, papai, embe, parachichi;
- mafuta kidogo: parachichi au karanga hutosha kuongeza nishati.

Mfano wa mlo: ponda ndizi zilizoiva jikoni pamoja na maharage yaliyolowekwa, yakapikwa hadi kulainika na kumenywa maganda. Ongeza kijiko cha unga wa dagaa na mchicha uliokatwa laini. Maliza kwa papai. Mlo huu una wanga, protini, chuma na vitamini, na karibu vyote vinatoka shambani. Dagaa hununuliwa sokoni kwa kipimo.

Papai lina kazi maalumu hapo. Vitamini C iliyomo husaidia utumbo kufyonza chuma cha maharage na mboga. Chai na kahawa hufanya kinyume: zina kemikali zinazozuia chuma kisifyonzwe. Usimpe mtoto chai ya rangi wala kahawa, hata kama ni ya kulowekea mkate.

Uzito wa chakula: Tumbo la mtoto wa miezi 8 hubeba takriban mililita 200 tu. Uji mwepesi unaomiminika kama maji hujaza tumbo hilo bila kumpa nishati. Uji mzuri hukaa kwenye kijiko usipoinamishwa.

Idadi ya milo:
- miezi 6–8: mara 2 hadi 3 kwa siku, chakula kilichopondwa;
- miezi 9–11: mara 3 hadi 4, chakula kilichokatwa vipande laini anavyoweza kushika;
- miezi 12–23: mara 3 hadi 4, chakula cha familia, pamoja na asusa 1 au 2 kama tunda au parachichi.

Osha mikono kwa sabuni, tumia bakuli la mtoto peke yake ili ujue amekula kiasi gani, na usimpe asali kabla hajatimiza mwaka 1, kwa sababu huweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvidhibiti.

Ikifika Novemba, ukiwa kwenye chumba cha mtihani, mtoto wetu atakuwa na miezi 10. Atakuwa anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Huu ni umri wa kuhara mara kwa mara. Mtoto mgonjwa hukataa chakula lakini mara nyingi hukubali ziwa. Hapo maziwa ya mama humpa maji, nishati na kingamwili kwa pamoja.

6. MWAKA WA PILI NA KUACHISHA ZIWA
Mtoto akitimiza mwaka 1, mnyonyo hupungua: asubuhi, wakati wa kulala, anapoumia au kuogopa. Kwa kuwa maziwa hufuata mahitaji, kiasi kinachotengenezwa hupungua pia. Hata hivyo bado humpa takriban theluthi moja ya nishati anayohitaji. WHO na Wizara ya Afya hushauri mama aendelee kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.

Kuachisha ziwa kufanyike taratibu, mnyonyo mmoja baada ya mwingine kwa wiki kadhaa. Kadiri kiasi kinavyopungua, maziwa yanayobaki huwa na chumvi na kingamwili nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Hatimaye seli za vifuko hufa kwa mpangilio na ziwa hurudi katika hali ya kupumzika.

Kuachisha kwa ghafla kuna madhara kwa wote wawili: mama huvimba maziwa, na mtoto hupoteza chanzo cha protini kwa siku moja. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi nchini Ghana, alilitambulisha kwa madaktari wa dunia jina kwashiakoo. Ni neno la lugha ya Kiga la nchi hiyo, na linahusu ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Mama ameshika mimba nyingine, wa kwanza ameondolewa ziwani na kupewa wanga mtupu. Anavimba miguu na uso, nywele zinabadilika rangi, ananyong'onyea. Ukiulizwa chanzo cha kwashiakoo, eleza mfululizo huo. Utaona pia kwa nini uzazi wa mpango ni sehemu ya lishe ya mtoto.

7. MAMA ANAPOKUWA MBALI, NA MAMA MWENYE VVU
Mama anaweza kukamua maziwa kwa mikono safi, akayaweka kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mahali penye ubaridi wa kawaida ndani ya nyumba hukaa kwa muda usiozidi saa 4. Mtoto apewe kwa kikombe. Njia hii humsaidia mkulima, mwajiriwa na mwanafunzi. Kwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Kwa mwanafunzi, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurejea. Kama wewe ni mmoja wao, kusoma na kunyonyesha vinawezekana, ila vinahitaji mtu wa kukusaidia nyumbani. Omba msaada huo mapema.

Kagera ndipo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mwaka 1983, na hofu ya maziwa ya mama mwenye VVU bado ipo. Mama anayetumia dawa za ARV kila siku bila kuruka hushauriwa kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha amlikize mtoto huku akiendelea kunyonyesha kwa kufuata maelekezo ya kliniki. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga. Jambo la hatari katika miezi 6 ya kwanza ni kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine, kwa kuwa vyakula hivyo huweza kuujeruhi utumbo na kuvipa virusi njia.

8. MAKOSA YA KUEPUKA
- Kuandika kwamba oksitosini hutengeneza maziwa. Kazi yake ni kuyatoa.
- Kuandika kwamba maziwa huisha ubora baada ya miezi 6. Mahitaji ya mtoto ndiyo yaliyoongezeka.
- Kuchanganya kulikiza na kuachisha ziwa. Kulikiza ni kuongeza chakula. Kuachisha ni kusitisha kunyonya. Kati yake huweza kupita mwaka mmoja na nusu.
- Kutaja "chakula bora" bila mfano. Taja chakula, kundi lake na kazi yake mwilini.
Mtihani wa Biolojia utauandika kwa Kiingereza. Ukishaelewa hapa, rudi kwenye kitabu chako ujifunze tahajia ya kila istilahi.

9. MASWALI YA KUJIPIMA
1. Taja homoni mbili zinazochochewa na mtoto kunyonya, na kazi ya kila moja.
2. Toa tofauti tatu kati ya dang'a na maziwa yaliyokomaa.
3. Kwa nini mtoto wa miezi 4 hapaswi kupewa maji ya kunywa?
4. Mtoto wa miezi 10 huhitaji kilokalori 700 kwa siku, na chakula humpa 300. (a) Maziwa humpa asilimia ngapi ya nishati yote? (b) Akiwa na miezi 15 huhitaji 900, na chakula humpa 550. Asilimia hiyo sasa ni ngapi? (c) Eleza mabadiliko hayo.
5. Dada anabaki na mdogo wake wa miezi 7 wakati wa msimu wa kahawa. Mpangie mlo wa siku moja, ukieleza sababu ya kila chakula.

Jibu la swali la 4
(a) 700 − 300 = 400. 400 ÷ 700 × 100 = takriban asilimia 57.
(b) 900 − 550 = 350. 350 ÷ 900 × 100 = takriban asilimia 39.
(c) Kiasi cha nishati kutoka kwenye maziwa kimepungua kidogo tu, kutoka 400 hadi 350, lakini mahitaji ya mtoto yameongezeka kwa 200. Hivyo mchango wa maziwa kwa asilimia hushuka, ingawa bado ni mkubwa. Chakula lazima kijaze pengo.

Swali la 5 usilijibu kwenye daftari peke yake. Kama nyumbani kuna mtoto wa umri huo, ingia jikoni, angalia kilichopo, upange mlo wake wa kesho. Kisha chukua kadi yake ya kliniki usome mstari wa uzito unaelekea wapi. Ukiuona umelala au umeshuka, mwambie mama leo hii, na mtoto apelekwe kliniki bila kusubiri msimu wa kahawa uishe.